Kikapu cha Mama Yako Uwanjani

Kijiji cha Karangsengon,
Nyuma ya Msikiti,
Jawa ya Kati.
20 Agosti 2019

Mpendwa mwanangu Tyas,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Taiwan, na yule bibi unayemtunza naye analala vizuri na hakutupii kijiko tena. Kikohozi kimeisha? Unavaa soksi? Juzi kwenye simu nilikuona umepauka midomo, nikajua hulali vya kutosha, na usinibishie. Mimi mama yako mkubwa ni mzima. Goti la kulia bado linanisumbua nikipanda ngazi, lakini nasali nimesimama na wali nakula sahani mbili.

Barua hii anakuletea binti wa dada Painem, jirani yetu, anayeanza kazi huko wiki ijayo. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikitaja kondoo tu unaanza kulia, na mimi nikikuona unalia nakubali kila kitu. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Kwa hiyo kaa, mimina chai, usome mpaka mwisho.

Jibu langu ni hapana. Siwauzi.

Najua uliniomba niwatoe wote kumi na mmoja kabla ya Idi ya kuchinja iliyopita, na najua kwa nini. Tangu mama yako, mdogo wangu Tuminah, alipoteleza kule mlimani na kikapu cha majani mgongoni, wewe hujatulia. Mwaka wa tatu sasa kila alfajiri unapiga simu kuuliza kama nimeshashuka. Na leo sitakuficha: mwezi wa sita nilianguka mara mbili, pale pale kwenye mawe meusi, nikanyamaza. Majani ya karibu yalikuwa yamekauka, ikabidi nipande juu zaidi, na goti likakataa. Mara ya pili nilikaa kando ya kikapu nikalia kwa sauti, maana niliona una haki. Bila majani hakuna kondoo. Lakini Gendis ni kondoo wa mama yako, aliyemlea kwa mkono wake, na hao kumi wengine ni wanawe na wajukuu zake. Kuwauza niliona ni kumzika Tuminah mara ya pili.

Sasa sikia. Unaukumbuka uwanja wa mpira wa hapa nyuma ya msikiti, ule wenye mfereji pembeni, ambao majani yake hayakauki hata kiangazi. Vijana walikuwa wanayakata kwa ile mashine ya kuvaa begani. Mwisho wa mwezi wa sita Parjo, nahodha wao, alikuwa anakata wakati watu wako ndani wanasali alasiri. Mashine ikarusha jiwe, likapasua kioo cha dirisha na kutua mbele ya safu ya kwanza. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, ila rakaa zilizobaki imamu alizisalisha kwa mwendo ambao hatujawahi kuuona.

Kikao kikaitishwa. Parjo akataka ikodishwe mashine kubwa ya kusukuma kutoka mjini, ili uwanja uwe tayari kwa sherehe za uhuru, Agosti kumi na saba. Nikanyoosha mkono. Ujasiri ulitoka wapi, sijui. Nikawaambia wanipe mimi uwanja, kondoo wangu wataukata, hawarushi mawe na hawanywi petroli. Pak Lurah, mkuu wetu wa kijiji, akanitazama sana, kisha akakubali kwa sharti moja. Ikifika Agosti kumi na tano na majani bado yanazidi kifundo cha mguu, mashine inakodishwa, na kondoo hawakanyagi tena pale maisha. Nikasema sawa mbele ya watu wote. Moyoni nikajiambia, nikishindwa nauza, Tyas apate usingizi.

Mwanangu, aibu niliyoipata Jumatatu iliyofuata sitaisahau. Niliwatoa bandani mmoja mmoja, nikawafunga kamba, nikawaongoza mpaka uwanjani nusu ya kijiji ikitazama. Nikawafungua. Hawakula. Walijipanga mstari mbele ya goli, wakanigeukia mimi, wakaanza kulia njaa, na majani yamewafika magotini! Hapo ndipo nilipouona upumbavu wangu. Kondoo wetu huzaliwa kwenye banda la juu ya nguzo, hukulia humo humo, na kila jani huletewa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kung'oa jani lililoota ardhini. Kijiji kizima tunafuga hivyo tangu enzi za bibi zetu, na kwenye kikao hakuna aliyekumbuka, mimi mfugaji wa kwanza.

"Mbah Giyem!" Parjo akanipazia sauti, kwa lile jina la bibi wanaloniita vijana wote. "Wanangoja sahani hao!"

"Na pilipili ya kusaga," dada Painem akadakia. "Walishe kwa kijiko basi, si ndivyo ulivyowalea!"

"Chekeni," nikawaambia. "Mkichoka kucheka mtanikuta hapa hapa."

Maneno tu hayo. Nilirudi nao nyumbani wakilia njia nzima, nikajifungia bandani, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa na hasira na Parjo, na Painem, na kondoo, na zaidi na nafsi yangu. Wao wakaendelea kulia. Nikainua kichwa nione wanamlilia nani, nikagundua hawanitazami mimi. Wote kumi na mmoja walikuwa wanatazama ukutani, mahali kinapotundikwa kikapu cha mama yako, kile cha mianzi chenye mkanda wa batiki ya kahawia.

Kesho yake nikakipeleka uwanjani kimejaa majani niliyoyakata kando ya mfereji. Nikayamwaga katikati, wakala, wakasimama kungoja mengine. Siku iliyofuata nikakijaza nusu, na badala ya kumwaga fungu nikayatawanya ndani ya majani yaliyoota, ili wayatafute. Walikuwa wanayachagua yaliyokatwa na kuyaacha yaliyosimama, wajanja wale, na watu wazima waliacha kazi zao kuja kuangalia. Pak Lurah mwenyewe alipita na pikipiki, akapunguza mwendo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikaendelea. Usiku nilijipaka mafuta ya mkarafuu gotini, asubuhi nikarudi.

Siku ya tano Gendis akauma jani lililokatwa pamoja na lililoota. Akavuta, jani likamvuta! Alishtuka yule mzee, akarudi nyuma hatua mbili, akaniangalia kama mtu aliyetapeliwa. Maisha yake yote hajawahi kubishana na jani. Nikapiga magoti kando yake, mimi na goti langu hili, nikashika majani kwa mkono nikayang'oa, nikajifanya natafuna. Najua huko unacheka. Painem naye alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Gendis akainamisha kichwa, akauma, akavuta kwa nguvu, na nikasikia ile sauti ya majani kukatika, kwa-kwa-kwa. Niliinua mikono nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikamwita na Tuminah kwa jina lake. Kabla ya wiki ya pili kwisha wote walikuwa wamemwiga.

Tangu hapo kikapu sikijazi. Nakiweka chini kitupu mahali ninapotaka pakatwe, wanakifuata, wanachungulia ndani, hawaoni kitu, wanakula kilichopo miguuni. Nikitaka wahame, nakisogeza. Kona zote nne za uwanja nimezimaliza hivyo, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chenye kivuli cha mwavuli.

Sitaki udhani kila kitu kilikuwa rahisi. Kuna majani magumu ambayo hawayataki hata uwabembeleze, hayo nayafuata mwenyewe kwa mundu. Na mavi, eh! Parjo alikuja kuniuliza kwa kiburi kama timu yake itacheza juu ya mavi. Nikamwonyesha ufagio. Kila jioni nafagia, napeleka kwenye shamba la pilipili, na pilipili za mwaka huu utazionja kwenye chupa niliyompa binti wa Painem.

Tarehe kumi na tano Pak Lurah akaja na watu wake. Nilikuwa nimevaa blauzi yangu ya kebaya, ile ya harusi za watu. Hakupima kwa rula. Alivua viatu, akatembea peku kutoka goli hili mpaka lile, akiangalia miguu yake. Kisha akamwomba Parjo mpira, akauviringisha taratibu kwa mkono. Mpira ukaenda, ukaenda, ukapita kikapu, ukasimama kwenye miguu ya Gendis. Naye hata hakuinua kichwa. Pak Lurah akaniambia uwanja ni wangu kwa mwaka mzima, na mwakani tutazungumza tena.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba wanaume walicheza mpira wamevaa magauni ya wake zao kama kila mwaka. Parjo alivaa gauni la maua ya waridi la mkewe, linambana tumboni. Dakika za mwisho akakanyaga kinyesi ambacho ufagio wangu ulikiacha, naapa si kwa makusudi, akateleza chali, mguu ukapiga mpira, ukaingia wavuni. Alibaki amelala pale gauni limempanda magotini, akanipungia mkono. "Mbah," alipiga kelele, "andika hilo goli kwa kondoo!" Sikumbuki lini nimecheka namna ile tangu tumpoteze mama yako.

Dada Painem amekuja jana kuniazima kikapu, naye anataka kuwafundisha kondoo wake saba. Nimemwambia atafute chake, ila nitakwenda kumwonyesha. Naye simcheki, isipokuwa kidogo.

Kwa hiyo usinitafutie mnunuzi tena. Ulichokuwa unaogopa si kondoo, mwanangu, ni ule mlima. Nami nauogopa, sasa nakuambia wazi, niliuogopa kila siku kwa miaka mitatu nikajifanya siuogopi. Kikapu kilichomlemea mama yako sasa hakibebwi mgongoni na mtu yeyote. Kinalala kwenye majani kitupu, na Gendis na wanawe wamekizunguka wanakula.

Nisalimie yule bibi, mwambie mzee mwenzake wa Jawa anamtaka amalize chakula. Mjomba wako Sukiran anakusalimu, bado anavuta sigara za karafuu na bado anasema ataacha. Dada Painem na mumewe wanakusalimu. Parjo pia ameomba nimtaje, nami nimemtaja.

Mungu akuweke chini ya ulinzi wake, akupe mkate wa halali, akurudishe nyumbani ukiwa na afya na moyo mwepesi. Na kesho alfajiri simu yako ibaki mfukoni, ulale. Usiniulize kama nimeshashuka. Sijapanda.

Ni mimi mama yako mkubwa, nikupendaye bila kupumzika,

Wagiyem