Muadhini Aliyepotewa na Maneno

Jumatatu, 5 Septemba 1904
Mume wangu Mahadi hakuadhini leo alfajiri. Nimemkuta ukumbini, birika la udhu limepinduka, mdomo umeenda upande. Mkono wa kulia kama si wake. Nikamwita – akanitazama tu! Kijiji kizima cha Ozi kilikuwa kikingoja adhana.

Nduguye, shemeji Athman, amekuja na kuamua: pepo wa mtoni.

Jumanne, 6 Septemba
Mganga amemfukiza mpaka akatokwa na machozi. Wamezungumza mbele yake kana kwamba hayupo: nani ataadhini, nani atavuna mpunga wake. Macho yake yanafuata kila neno. Anaelewa! Nimemwambia Athman. Akasema, "Shemeji, huzuni inakudanganya."

Uji unampalia.

Alhamisi, 8 Septemba
Hawo, mfugaji wa Kiorma anayetuletea maziwa, ameketi kitako karibu naye. Hakuogopa. "Baba yangu Galma, mdomo yake ilikufa hivi hivi," akasema.

Akanisimulia: walimpeleka kwa tabibu wa misheni, huko mto unakotoka, siku mbili kwa mtumbwi. Tabibu aliwaambia si pepo – ni damu iliyozuiwa njia kwenye ubongo. Akawafundisha kumkalisha wima anapokula, kuunyosha mkono kila siku, kumsemesha polepole. Hakupona kabisa. Lakini sasa anaita ng'ombe wake kwa majina.

Nimemkalisha Mahadi wima. Uji umeshuka bila kumpalia! Nimelia jikoni peke yangu.

Ijumaa, 9 Septemba
Athman hataki kusikia habari ya kumpeleka huko. Misheni! Muadhini wetu arudi amebatizwa? Nimemwambia nitakaa ubavuni mwa Mahadi, hakuna litakalofanywa nisilione.

Buya, mwenye mtumbwi, naye anaogopa pepo asimhamie. Nikachukua kikombe cha Mahadi, nikanywa maji aliyobakisha, Buya anatazama. "Siku ya tano namlisha, namfuta mate. Mimi nimepatwa na nini?" Akasema, tutaondoka Jumapili asubuhi.

Jumamosi, 10 Septemba
Majirani walikuja kumwombea. Walipoanza Fatiha, Mahadi akaisoma nao! Yote, kwa sauti yake ile ile. Vigelegele nyumba nzima. Athman akasujudu pale pale. Pepo ametoka, akasema – mtumbwi wa nini tena?

Walipoondoka nikamuuliza, mimi nani? Alifungua mdomo, akahangaika. "Alhamdu…" Akajaribu tena. "Alhamdu…" Akajipiga paja kwa mkono wa kushoto, machozi yakamtoka. Fatiha anaijua yote. Jina langu halimjii.

Nikamweleza yote: tabibu, misheni, hofu ya nduguye. Ukitaka twende, nibane mkono. Alinibana mpaka vidole vikaniuma.

Jumapili, 11 Septemba
Naandika nikiwa mtumbwini, bado tuko ukingoni. Buya amekuja – aliahidi, anasema. Mahadi tumemwegemeza kwenye magunia.

Athman ameshika kamba ya mtumbwi, haachii. Ananiambia mimi: mrudishe ndugu yangu nyumbani. Nimemjibu, muulize mwenyewe.

Athman akainama. Ndiyo mara ya kwanza, tangu Jumatatu, anamtazama Mahadi usoni.

"Kaka," akasema, "unataka kwenda?"

Mahadi anafungua mdomo. Buya ameinua kafi juu ya maji. Tunangoja –