Vidio ya Salma na Kioo cha Kabati

Jumatatu, 1 Julai 1991
Makorora

Baridi ya kipupwe imeingia kweli mwaka huu. Tangu alfajiri kusi inavuma na bati la jikoni linagonga. Nimerudi kazini, nimepika, watoto wamekula, na sasa nakaa kuandika jambo ambalo jana lilinishinda kwa aibu.

Namwonea wivu mdogo wangu.

Basi, nimeliandika. Sasa nilieleze kwa utaratibu, kama ninavyopanga mafaili kule masjala.

Salma kaolewa Ijumaa. Mumewe, Abdi, anafanya biashara ya vitambaa kati ya hapa na Mombasa, na tangu mambo ya kuingiza bidhaa yalegezwe, yake yamemnyookea. Kaleta masanduku ya nguo. Kaleta kabati la mninga lenye kioo kirefu mlangoni, nikijisimamisha mbele yake najiona mpaka miguu. Halafu kaleta fundi wa vidio kutoka Mombasa. Bei ya fundi huyo ni mshahara wangu wa miezi mitano, na hapo bado nauli ya kupitia Horohoro kuja na kurudi, bado chumba cha kulala, bado kula yake, na si mtu wa kula kidogo.

Mama alipoambiwa bei alisema, "Miezi mitano ya Riziki, kwa siku mbili?" Alikuwa anashangaa tu, masikini. Mimi niliona nimetiwa kwenye mizani mbele ya watu.

Niliolewa mwaka 1983. Sukari ya foleni, sabuni ya foleni, kanga mpaka kibali. Mchele wa pilau yangu ulikusanywa kibaba kibaba kwa jamaa wa Tongoni, na gauni niliazima kwa mtu mnene kuliko mimi, likabanwa mgongoni kwa pini. Lakini mpiga picha alikuja. Alitupanga mimi na mume wangu, akamwambia ainue kidevu, akaniambia nitabasamu, taa ikawaka mara nyingi. Baada ya wiki alikuja kumwangukia baba. Filamu haikuwamo. Zilikuwa hazipatikani mji mzima, alitumaini kuipata siku ile ile, alipoikosa akaona vibaya kutuvunjia furaha. Akaja na mashine tupu.

Nilitabasamu mbele ya mashine tupu. Kwa hiyo sina picha hata moja ya ubibi harusi wangu, na kila mwaka nasahau kidogo nilivyokuwa.

Jumamosi ilikuwa siku ya wanawake, ya kumtoa Salma ndani apambwe na atazamwe. Fundi alibeba mashine yake begani mpaka mlangoni, na hapo akakutana na Bi Mwanaisha, somo wa Salma aliyemfunda, kakaa juu ya kibao kizingitini.

"Mwanamume haingii humu," alisema. "Mashine kama inaweza kutembea peke yake, na ipite."

Mama mkwe wa Salma akasogea. "Bi mkubwa, huyu tumemlipa."

"Mmemlipa ya nje, mwanangu. Ndani hakuuzwi."

Wanawake walicheka mpaka wa uani wakaja kuuliza kuna nini. Ndipo mtu mmoja akasema, "Riziki kasoma. Mpeni Riziki." Fundi akanifundisha pale barazani. "Dada, taa nyekundu ikiwaka usiguse kitu. Wewe elekeza tu."

Nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa njema. Nilijiambia kwamba leo Salma ataonekana kwa kadiri nitakayotaka mimi.

Mashine ni nzito, inakata bega. Mtandio wangu ulikuwa unateleza kila mara na kufunika jicho la mashine, nikauvua nikauweka kitandani. Tulikuwa wanawake peke yetu, nani angejali? Lakini nilipoingia tu nayo, Bi Mwanaisha akatangaza, "Jamani, hiyo itatazamwa na wanaume. Kila mtu ajisitiri." Chumba kizima kikageuka cheusi. Waliosuka siku mbili wakafunika vichwa. Waliovaa dhahabu za kuazima wakazificha. Nilikuwa nikielekeza mashine huku, huku wanashusha buibui. Nikielekeza kule, wa kule wanageuka ukutani. Mikono yenye hina ndiyo iliyobaki nje.

Sikukumbuka kwamba mimi peke yangu niko kichwa wazi. Aliye nyuma ya mashine hudhani haonekani.

Kisha Salma akaletwa, akakalishwa kwenye kiti mbele ya kabati lake jipya. Bi Mwanaisha akainua ushungi. Katika kile kitundu cha mashine kila kitu ni kijivu, na mimi nilitaka kuona rangi. Nikauondoa uso wangu pembeni, mashine ikabaki begani, nikamtazama kwa macho yangu mawili.

Gauni la rangi ya maziwa, jipya, lake. Hakuna pini mgongoni.

Nilimtazama kwa muda mrefu.

Jana baada ya alasiri wakaleta televisheni na deki kule nyumbani kwa mama, maana Salma yuko fungate na hatoki. Wanaume wakakaa mbele kwenye viti, sisi nyuma mikekani. Sehemu ya nikaha ilitoka safi, wakashangilia kila walipojiona. Ikafika sehemu yangu. Mabuibui. Mabuibui na viganja. Mjomba wa Abdi akasema, "Pesa yote ile tumenunulia giza?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Ushungi ukainuliwa. Bi Mwanaisha, kwa kumsitiri mwanawe, alikuwa ametandaza kanga mbele ya uso wa Salma, na mimi siku ile sikulitilia maanani kwa sababu nilikuwa nimetoa kichwa pembeni ya mashine, namwona Salma kwa ubavuni mwa kanga. Mashine iliiona kanga. Na juu ya kanga iliona kioo cha kabati. Na ndani ya kioo, katika chumba cha watu waliojifunika, palikuwa na uso mmoja uliokuwa wazi.

Mimi. Nywele nje, midomo nimeibana, macho nimeyatoa kama mtu anayetazama chakula cha jirani.

Haikuisha haraka.

"Mtazameni dadaye," akasema mama mkwe. "Machozi yanamlengalenga kwa mapenzi." Wanawake wakaitikia. Mama akanishika mkono na kulia kweli. Nikakaa pale nikisifiwa kwa ubaya wangu.

Tulipofika nyumbani mume wangu hakutaja macho. "Mama Fadhili, kichwa wazi mbele ya watu wa Mombasa. Ikatwe." Fundi alikwisha kuulizwa, anasema kukata anakata, ila ni kazi ya kule kwake na ina bei yake nyingine. Abdi yuko tayari kulipa. Kanda inaondoka kesho alfajiri kutengenezewa nakala, na kilichobaki ni neno langu na la Salma.

Kwa hiyo leo nimetoka kazini nikapita kwake moja kwa moja. Nilitarajia anishukie. Alikuwa kakaa kitandani anakula kaimati, hina haijafifia.

"Dada, hukuwa unalia," alisema.

"Sikuwa nalia."

"Sura ile naijua. Uliwahi kunitazama nayo baba aliponiletea viatu vya Idd."

Kumbe anajua tangu yuko mdogo, na miaka yote hii hakunisuta, amekuwa akinisogezea kiti.

"Wakate?" nikamuuliza.

"Wasikate. Ijumaa ulishinda jikoni, Jumamosi ukawa nyuma ya mashine. Wakikata pale, watoto wangu wataniuliza dada yako hakuja?" Akanipa kaimati. "Ila siku nyingine tabasamu kidogo, unatisha."

Nimetembea mpaka nyumbani na wivu mwingine juu ya ule wa kwanza. Gauni kanizidi, kabati kanizidi, vidio kanizidi. Sasa na moyo pia?

Baada ya magharibi nimemweleza mume wangu. Nimemwambia yote, hata kwamba yale hayakuwa machozi. Aligeuzageuza kikombe. Nilidhani atanigombeza.

"Suti yangu ile ilikuwa ya kuazima pia," alisema mwishowe. "Na viatu vilinibana. Nikainua kidevu vilevile alivyotaka." Akacheka peke yake, kisha akasema, "Haya. Kamwambie fundi mwenyewe. Lakini jifunge mtandio."

Basi la Mombasa linaondoka mapema. Nitakuwa kituoni kabla yake, kichwa nimekifunga vizuri, nimwambie aiache kanda kama ilivyo. Wivu sidhani kama utakuwa umekwisha kufikia asubuhi. Salma atazidi kuwa na kabati na mimi nitazidi kutundika nguo zangu kwenye misumari.

Lakini uso ule ni wangu. Si mzuri, haukutabasamu, na uko ndani ya harusi ya mtu mwingine. Ila safari hii mashine haikuwa tupu.