Vibao Viwili Kutoka Maskati

Mke wangu mdogo, mjukuu wangu Arwa,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mimi babu yako nna miaka sabini na tisa, na wacheza mpira wa meza wote wa rika langu hapa Mji Mkongwe nshawazika. Kabla ya kuwazika, nliwashinda.

Vile vibao viwili vya kuchezea ulivyoniletea kutoka huko Maskati vimefika salama, Mungu akuzidishie. Kile kigumu nlikipenda nlipokishika tu. Ukiugusa mpira unatoka mbio, ndicho cha mshambuliaji kama mimi. Kile chepesi, laini, nikakiweka kando. Hicho cha watu wa kurudisha mipira tu, nami watu hao huwaita wafagiaji.

Ila mkono wa kulia haunisikii vizuri, tangu kile kiharusi kidogo ambacho sikukuandikia. Kwa kibao kigumu mipira yote iliishia ukutani. Zahran, yule fundi cherehani, akanambia, "Mzee Ghanim, kaa kitako sasa, utuhesabie pointi."

Nikachukua kile laini. Nikasimama mbali na meza, nikamrudishia kila alichopiga mpaka akahema.

"Leo unafagia, mzee?"

"Nafagia, na taka ni wewe!"

Arwa, hukusema kwa nini umeleta viwili. Nimefahamu. Ulijua habari za mkono wangu, ukanyamaza, ukaniachia nichague mwenyewe. Ahsante sana, mwanangu.

Nilimshinda. Zahran atakwambia mpira uligonga ukingo wa meza, ni bahati tu, usimsikilize. Muulize bibi yako, alikuwa dirishani, na unajua yeye hajapata kunisifu bure.

Ni mimi babu yako Ghanim, mchezaji.