Ishara kwa Kiingereza

Jumanne, baada ya mazoezi

Nilimwahidi kocha sitaandika gazetini wala kumwambia mtu mpaka Alhamisi, atakapowaambia wachezaji mwenyewe. Chuo kinahamia ligi kubwa zaidi, na wakubwa wanataka kocha mwenye jina. Yeye wameshamwambia aondoke. Habari nimeithibitisha kwa watu wawili, na bado nimeikalia.

Leo, kwenye ukumbi wa mpira wa wavu mtaani Bertrams, alijifichua mwenyewe. Miaka yote ishara za timu huzitoa kwa Kiswahili, "nyuma", "fupi", "kushoto", kwa sababu wapinzani hawaambulii kitu. Hata Wazulu wa timu wamezikariri. Leo alizitoa kwa Kiingereza, ili msaidizi mpya, asiyejua Kiswahili na atakayebaki na timu, azizoee.

Neema alisimama na mpira mkononi. Ni mchezaji Mkongo, kocha ndiye aliyemwombea ufadhili wa masomo, na makocha wapya huja na wachezaji wao, na ufadhili huenda kwao.

Wakati wa mapumziko alinifuata bombani.

"Dada, usinidanganye, eh. Kocha anaenda?"

"Muulize mwenyewe."

"Eish. Kumbe ni kweli."

Nimewahoji mawaziri bila kupepesa macho. Leo nilitazama viatu vyangu. Ahadi ile sijui kama bado ni nzima.

Alirudi uwanjani. Mpira uliofuata aliuita kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kuliko kawaida: "Fupi!" Wenzake wakaitikia.

Kocha hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.