Aliyeitwa Mtu wa Karibu

Dawati la Mahakama,
Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 418.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Kabla ya lolote, u mzima? Jino lile umeling'oa au bado unalibembeleza kwa vidonge? Na shemeji, wamempa zamu za mchana? Sisi huku tunapumua. Daktari amemwambia baba yako, Baba Mdogo wangu, apumzishe mgongo, naye amesikia "ongeza kazi".

Usinicheke kwa kukuandikia karatasi wakati simu ninayo mfukoni. Nilikupigia mara mbili, nikakata kabla haijaita.

Uliniuliza kama ni kweli kwamba Bwana Hati, yule tapeli aliyefungwa miaka tisa kwa kuuza kiwanja kimoja kwa watu saba, hayumo gerezani. Yumo. Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Amekonda, suruali ameifunga kwa kamba, na bado aliniuliza kama natafuta kiwanja. Niliandika gazetini kwamba yumo. Watu wakasema nimenunuliwa.

Urafiki wake na Mheshimiwa waziri, ambaye wanasema ndiye aliyemtorosha, nao ni wa kweli, ila ni mdogo kuliko unavyosimuliwa. Walikuwa wakija pamoja kushonesha dukani kwa baba yako, na suti za Mheshimiwa akilipa Bwana Hati. Basi. Hilo ndilo nililoandika baada ya hukumu, na sifuti hata nukta. Kosa langu ni namna nilivyolipata.

Wiki ya hukumu Baba Mdogo alikuwa akinipunguzia koti. Ana pini mdomoni, Shangazi yuko pembeni anatia vifungo, tunacheka. "Huyu Mheshimiwa wenu," akasema, "sijawahi kuona mkono wake ukitoka mfukoni. Nikimpima yeye kiuno, anayeguna ni Hati!" Shangazi akadakia, "Basi Hati amuulize vizuri, asije akawa ameuzwa na kwa wengine sita."

Nilitoka pale nikaenda kuandika. Ruhusa sikuomba. Ili kumficha mzee, nikaweka maneno tunayoyaweka kila siku hapa chumba cha habari: "mtu wa karibu na pande zote mbili". Kwetu maana yake ni kwamba tunamjua na hatumtaji. Huko nje yalisomeka vingine. Kufika Ijumaa, Mtu wa Karibu alikuwa ameshapata herufi kubwa na kazi ya kupeleka siri gerezani. Kufika Jumatatu alikuwa anashonea nyaraka ndani ya bitana za makoti, tena amempima mtu mwenye umbo la Bwana Hati ili amtumikie kifungo.

Kisha mmoja akasambaza picha ya duka, ukutani imetundikwa picha ya Mheshimiwa akijaribu koti. Hapo wakawa wamempata. Watu husimama ng'ambo ya barabara, simu juu, wakirekodi. Mmoja alijifanya mteja, akachana bitana ya koti la bwana harusi, hakukuta kitu. Mama mmoja mstaarabu alimsihi baba yako amwambie tu kama kifungo kile ni cha kweli. "Mama," akajibu, "kifungo ninachokijua mimi ni cha shati." Walicheka. Lakini shule iliyokuwa ikimpa kazi ya kushona sare imekuja kuchukua vitambaa vyake, na cherehani mbili kati ya tatu zimefunikwa.

Ninalokuandikia hasa ni hili. Baba Mdogo alitafuta aliyetoa maneno nje, akamtia hatiani Shangazi kwa sababu tu ya mdomo wake. Alimwambia asikanyage tena dukani. Nilikuwa nimeketi kati yao. Nilichovya mkate kwenye chai, nikala. Wewe nawe, uliposikia, ukamtumia Shangazi maneno yale. Alinionyesha. Sitayarudia hapa, na hapo pia nilinyamaza. Wiki tatu nzima. Kazini tunaita kulinda chanzo. Huu ulikuwa woga.

Juzi Jumapili nilimweleza baba yako. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazipanga mezani.

"Siku ile ulikuja kama mwanangu au kama gazeti?"

"Kama mwanao, Baba."

"Mwanangu angenyamaza. Gazeti lingeniomba kwanza. Wewe ulikuwa nani?"



Alhamisi tutachapa maelezo, kwa ruhusa yake: kwamba mtu wa karibu alikuwa fundi cherehani, baba mdogo wa mwandishi, na hakujua kwamba anahojiwa. Mhariri anasema watayaita njama mpya. Huenda yuko sahihi. Siwezi kukuahidi kwamba duka litapona.

Kwa Shangazi nilikwenda mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe mdomo wangu umetumikia wiki tatu, hata rufaa sikupewa!" Akacheka peke yake. Baadaye akafuta macho, akasema harudi dukani mpaka waliomhukumu wamwambie kwa midomo yao kwamba walikosea. Akawataja: kaka yake, na wewe. Baba Mdogo alikwenda jana jioni.

Mwambie shemeji na watoto kwamba nawakumbuka. Mama anakusalimu sana, na mke wangu naye anauliza habari zako. Baba yako anakusalimu na anasema usimtumie chochote, atakwambia mwenyewe akikwama. Shangazi hajanipa salamu zako. Anasema hazipitishi tena kwangu, utazipata ukimpigia. Simu yake huiacha wazi baada ya saa kumi.

Mungu akulinde huko uliko, akupe moyo mpana kuliko niliouonyesha mimi.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na niliyekuacha ukosee,

Karani