Picha Ambayo Sikuifungua

Dada,

Natumai watoto hawajambo na yule jogoo wenu bado anakimbiza wageni. Mimi mzima, ila nasikia baridi tu. Chumba cha kompyuta hapa kambini kinapozwa kwa ajili ya mashine. Sisi binadamu tunavaa makoti.

Mwambie shemeji sijashika bunduki tangu mafunzo yaishe. Kutwa nawafungulia maofisa akaunti walizosahau nywila zake. Kazi yangu nyingine ni kuwatega wanajeshi wenzangu, kupima kama wako macho: nawatumia barua pepe za uongo, na anayenasa anaosha magari wiki nzima. Mtego ulionasa wengi niliutunga mwenyewe: "Mama anaumwa, fungua picha."

Jumatatu na mimi nikaletewa maneno hayohayo, kutoka anwani nisiyoijua. Nikacheka, nikaripoti, nikafuta. Mkuu akanisifu mbele ya kikosi kizima.

Tangu hapo sielewi kitu. Ujumbe ule ulianza na "Kijiti", na hapa hakuna anayejua kwamba nyumbani mnaniita hivyo. Au niliwahi kuropoka, na mwenzangu ananipima? Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Simu zetu zimefungiwa kabatini hadi mazoezi yaishe, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Na wewe nijibu kwa kalamu. Mwandiko wako naujua.

Dada, kwenye ile picha kulikuwa na nini?

Mdogo wako,
Kijiti