Ndege Iliyopita Kimya

Jumatatu, 3 Februari

Nimerusha ndege Zanzibar mara tatu, kwenda na kurudi. Joto. Abiria mmoja katapika, wenzake wakajifanya hawasikii harufu.

Safari ya mwisho, karibu na Kunduchi, nilikoswakoswa. Ndege nyeupe, mabawa marefu membamba, haina injini. Ilitokea kwa mbele bila mlio wowote. Nililaza ya kwangu kushoto kabla sijajua kwa nini. Mkono ulitangulia, macho yakafuata. Ikapita kuliani, karibu hata nikaona kofia ya rubani wake. Kisha anga tupu. Abiria walipiga kelele, wakadhani ni upepo.

Nikauliza waongozaji mnarani. Kwenye rada hawakuona kitu.

Jumanne, 4 Februari

Jana nilimpigia karani wetu: "Nimekoswa na ndege." Leo nimemkuta fundi anatafuta damu na manyoya kwenye bawa. Karani kaandika ndege, yule wa kutaga mayai! Kiswahili kitamu, ila siku nyingine kinakera.

Nimesahihisha. Bosi kasoma mara mbili, akaniuliza kama nalala vizuri. Dar hakuna ndege za namna hiyo, kasema. Marubani wenzangu: "Sista, umekutana na jini la Kunduchi!" Nikacheka nao. Moyoni nimekasirika mno.

Alhamisi, 6 Februari

Nimesimamishwa kuruka. Rubani anayeona visivyokuwepo hakabidhiwi roho za watu. Ningekuwa bosi ningefanya vilevile, na bado namchukia. Bila shahidi, kazi imekwisha.

Mama anasema nikiri tu kwamba nilichoka, yaishe. Siwezi. Kile kitu bado kiko angani na wenzangu wanapita palepale.

Hapa Tabata ndege hupita juu ya bati kutwa. Zenye mlio sizijali. Nakaa nje nasikiliza zisizo na mlio.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani sikwenda. Nimekwenda Kunduchi kuuliza wauza samaki. Dada mmoja anayekaanga pweza hata hakushangaa. "Ile nyeupe? Ya Babu Nassor hiyo. Inapitaga hapa kimya, hata kuku hawakimbii."

Nilitaka kumkumbatia na mafuta yake.

Babu Nassor ni mzee wa Kiarabu, ukoo wa wenye maduka. Ndege yake iko uani chini ya turubai. Huvutwa na gari kwa kamba mpaka ishike hewa. Nikamwamkia, nikaitaja siku ile. Akakaa chini. Kibali hana, alihofia kunyang'anywa ndege. Lakini akasema atakuja kwa bosi. "Mie nina wajukuu wanaopanda ndege zenu."

Tuko mlangoni tunaagana, akauliza: "Na mwenzio hajambo?"

"Mwenzangu nani?"

"Yule aliyekaa kuliani kwako. Ndiye aliyeniona kwanza. Alikukamata mkono."

Narusha peke yangu. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Nilimwambia hivyo. Akafunga mlango taratibu.

Jumatano, 12 Februari

Naogopa. Babu Nassor akiyasema hayo mbele ya bosi, hakuna atakayetuamini, si yeye wala mimi. Watasema aliona ndege nyingine. Au tumepanga.

Nimempigia, nikamwomba asimtaje yule mtu. "Mie si mwongo, mwanangu." Akakata simu.

Nimeukagua mkono wangu wa kulia. Hauna alama. Sijui nilitarajia nini.

Ijumaa, 14 Februari

Babu Nassor kaja ofisini baada ya sala, na kanzu yake. Kaeleza yote: kamba, mahali, kofia, jinsi nilivyomkwepa. Kakubali kwamba hana kibali, wamchukulie ndege kama ndiyo sheria. Sauti haikutetemeka. Yangu ingetetemeka.

Bosi akauliza: "Ndani ya ndege yake uliona watu wangapi mbele?"

Babu Nassor akageuka upande wangu. Nilidhani ananitazama mimi. Hapana. Alikuwa anatazama kiti kilichokuwa wazi pembeni yangu. Akakitazama hadi bosi akarudia swali.

"Mmoja," akasema.

Nimerudishiwa kazi. Mzee wa watu kasema uongo siku ya Ijumaa kwa ajili yangu, na ndege yake inachukuliwa. Naona haya. Nina furaha pia, nisijidanganye.

Jumanne, 18 Februari

Zanzibar mara mbili. Anga safi. Bosi kasalimia vizuri, wenzangu hawajataja jini. Bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa pale mto unapomwaga maji.

Safari ya pili mama mmoja alichelewa. Nyuma nafasi ilikuwepo, ila alitaka kukaa mbele na mimi apige picha. Huwa nawaruhusu.

Nikasikia mdomo wangu unamjibu: "Samahani mama, hapo pana mtu."

Akakitazama kiti, akanitazama mimi. Akaenda kukaa nyuma.